Kuingia na Kulipia Chuo Binafsi chenye Ushindani Mkali Marekani: Anza na Fedha, Kisha Jina la Chuo

Vyuo binafsi vya Marekani vinavyochukua wanafunzi wachache kati ya maelfu wanaoomba, vya aina ya Harvard, Stanford, Amherst, Duke au Vanderbilt, hutangaza gharama inayokatisha tamaa. Ukijumlisha ada, malazi, chakula, vitabu na nauli, mwaka mmoja katika vingi kati ya vyuo hivyo unapita dola 80,000, na baadhi vimekwisha kuvuka dola 90,000. Wazazi wengi wakiiona hesabu hiyo humwambia mtoto atafute kwingine, ilhali wengine humwacha aombe kwanza wakitumaini kwamba nafasi ikipatikana, fedha nazo zitapatikana kwa namna yoyote. Njia zote mbili huumiza familia, kwa sababu katika vyuo hivi udahili na malipo haviwezi kutenganishwa: sera ya chuo kuhusu msaada wa kifedha ndiyo inayoamua familia italipa kiasi gani, na kwa waombaji wengine huamua pia kama watapokelewa au watakataliwa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na fedha, na maombi yenyewe yanafuata baadaye.

Hatua ya kwanza: kujua unahesabiwa katika kundi gani

Mwombaji anapaswa kujua mapema kama chuo kitamhesabu kuwa mwombaji wa ndani au wa kimataifa. Kwa upande wa msaada wa kifedha, kinachoamua si mahali anapoishi wala shule aliyosoma, bali uraia wake na hadhi yake ya uhamiaji. Raia wa Marekani aliyekulia ng'ambo ni mwombaji wa ndani. Mkazi wa kudumu mwenye kadi ya kijani, mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mtu aliyepewa hifadhi nao wana haki ya kujaza FAFSA, yaani fomu ya bure ya serikali ya shirikisho inayofungua mlango wa ruzuku ya Pell (fedha za serikali zisizorudishwa kwa wanafunzi wenye kipato kidogo), mikopo ya serikali na kazi za chuoni ambazo sehemu ya mishahara yake hulipwa na serikali. Hata hivyo, kiwango cha juu cha ruzuku ya Pell kwa mwaka wa masomo 2025–26 ni dola 7,395, kwa hiyo katika chuo kinachogharimu zaidi ya dola 80,000 haiwezi kubeba mzigo peke yake. Mzigo hubebwa na fedha za chuo chenyewe.

Mwombaji wa kimataifa hapati chochote kutoka serikali ya shirikisho, na ndiye anayepaswa kusoma sera za kila chuo kwa makini kuliko wote. Kwa kijana anayeishi Marekani bila hati za uhamiaji, sera hutofautiana sana: vipo vyuo binafsi vinavyomhesabu kama mwombaji wa ndani na kumsaidia kwa fedha zao wenyewe, na vipo vinavyomweka kundi moja na waombaji wa kimataifa. Swali hilo liulizwe kwa barua pepe katika ofisi ya udahili kabla ya kuanza kujaza lolote, na jibu lihifadhiwe.

Hatua ya pili: kusoma sera ya chuo kwa maswali matatu

Swali la kwanza ni kama chuo, wakati wa kuamua nani adahiliwe, hutazama iwapo mwombaji anahitaji msaada. Kuna vyuo visivyotazama kabisa, na kuna vinavyotazama, hasa kwa waombaji wa kimataifa. Swali la pili ni kama chuo huahidi kukidhi mahitaji yote ya kifedha ya kila kinayemdahili. Swali la tatu ni kama ahadi hiyo hutimizwa kwa ruzuku isiyorudishwa au kwa mchanganyiko wa ruzuku na mikopo.

Maswali haya matatu lazima yasomwe kwa pamoja. Chuo kinaweza kujivunia kwamba hakitazami uwezo wa mtu wakati wa udahili, halafu kikampa aliyedahiliwa msaada usiofika hata nusu ya anachohitaji. Mwanafunzi wa namna hiyo huwa na barua ya pongezi mkononi na hana njia ya kuitumia. Kinyume chake, chuo kinachotazama uwezo lakini kinachowakidhi kikamilifu wale kinaowachagua kinaweza kuwa tumaini kubwa zaidi kwa mtoto wa familia yenye kipato kidogo, ingawa mlango wake ni mwembamba.

Vyuo vinavyojibu vizuri maswali mawili ya mwanzo hata kwa waombaji wa kimataifa ni vichache mno. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vimekuwa katika kundi hilo kwa muda mrefu. Dartmouth na Bowdoin vilitangaza kujiunga nalo mwaka 2022. Kwa waombaji wa ndani orodha ni ndefu zaidi. Kuhusu swali la tatu, Princeton iliondoa mikopo katika msaada wake mwaka 2001 na kuweka ruzuku mahali pake, na vyuo vingine vyenye akiba kubwa vimeifuata. Ahadi za karibuni zimekwenda mbali zaidi: MIT na Harvard zimetangaza kwamba kuanzia mwaka wa masomo 2025–26 familia zenye kipato cha hadi takriban dola 200,000 kwa mwaka na mali ya kawaida hazitalipa ada ya masomo, na kwa zile zenye kipato cha hadi dola 100,000 gharama karibu zote zitabebwa na chuo. Familia ya mwalimu au ya muuguzi inaweza kulipa pungufu Harvard kuliko katika chuo cha umma cha jimbo inamoishi. Jambo hili halisemwi vya kutosha, na ukimya huo huwanyima nafasi watoto wanaostahili.

Kuna pia tuzo za ufaulu, zinazotolewa bila kujali kipato. Vyuo vinane vya kundi la Ivy League, vikiwamo Harvard, Yale na Princeton, havitoi tuzo hizo wala ufadhili wa michezo, kwa hiyo asidanganyike mtu kwamba alama za juu au mbio za kasi zitampunguzia ada huko. Vanderbilt, Duke na Chuo Kikuu cha Southern California hutoa tuzo kubwa za ufaulu, ila ushindani wake ni mkali kuliko hata ule wa udahili. Tuzo hizi ni za kuombwa, si za kujengea mpango.

Hatua ya tatu: kuhesabu bei yako kabla ya kupenda chuo

Sheria ya Marekani ya mwaka 2008 kuhusu elimu ya juu inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali za msaada wa wanafunzi kuweka kwenye tovuti zao kikokotoo cha bei halisi. Mzazi huingiza kipato, kodi aliyolipa, akiba, thamani ya nyumba, idadi ya watu katika kaya na idadi ya watoto walioko chuoni, kisha kikokotoo humpa makadirio ya kiasi ambacho familia yake ingelipa. Kwa anayeogopa maswali mengi kipo MyinTuition, kikokotoo kifupi kilichoanzia katika Chuo cha Wellesley na ambacho sasa kinatumiwa na vyuo vingi vya kundi hili.

Kazi hii ifanywe na mzazi na mtoto wakiwa wamekaa pamoja, fomu ya kodi ikiwa mezani, wala si kwa kukisia. Makadirio huwa ya kuaminika zaidi kwa familia yenye mshahara wa kawaida. Huyumba pale mzazi anapokuwa na biashara yake, wazazi wanapokuwa wametengana, familia inapokuwa na nyumba au ardhi nyingine, au kipato kinapokuwa katika sarafu isiyo dola. Vikokotoo vingi havikutengenezwa kwa ajili ya familia za kimataifa. Mwenye hali kama hiyo achukue jibu kama mwanga wa awali na aiandikie ofisi ya msaada wa kifedha.

Baada ya hapo mzazi amwambie mtoto waziwazi kiasi ambacho familia inaweza kutoa kila mwaka kwa miaka minne bila kuuza kinachowalisha. Mazungumzo hayo ni mazito, lakini yakifanyika Agosti yanauma kidogo kuliko yakifanyika Aprili, wakati mtoto amekwisha kuvaa fulana ya chuo.

Hatua ya nne: kupanga orodha

Kwa maoni yangu vyuo nane hadi kumi na viwili vinatosha. Common Application, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi kwa fomu moja, unaruhusu hadi 20, lakini kila chuo kina maswali yake ya ziada, na anayeandika majibu ya vyuo 20 huishia kuandika majibu mepesi kwa vyote. Vyuo vinavyodahili chini ya watu 5 kati ya 100 visihesabiwe kuwa vya uhakika kwa mtu yeyote, hata aliyeongoza shule nzima, kwa sababu kila mwaka vinawakataa maelfu ya walioongoza. Orodha iwe na angalau chuo kimoja au viwili ambavyo mwombaji ana karibu hakika ya kupokelewa na ambavyo kikokotoo kimeonyesha kwamba familia itamudu. Chuo rahisi kuingia lakini kisicholipika hakimlindi mtu.

Ada ya kuomba katika vyuo vingi ni kati ya dola 50 na 90, na ipo njia ya kusamehewa ndani ya Common Application kwa wenye kipato kidogo. Ofisi za udahili hukubali maombi hayo kwa kawaida, na kuyatuma hakupunguzi heshima ya mwombaji.

Hatua ya tano: kuchagua muda wa kuomba

Hapa ndipo familia nyingi hujifunga bila kujua. Mpango unaoitwa Early Decision humtaka mwombaji atume maombi kwa chuo kimoja, kwa kawaida kufikia tarehe 1 Novemba au katikati ya mwezi huo, na kusaini ahadi kwamba akidahiliwa ataondoa maombi yake yote mengine. Majibu hutoka katikati ya Desemba. Vyuo vingi vina duru ya pili ya mpango huo mwanzoni mwa Januari. Early Action ni ya mapema lakini haimfungi mtu, na Harvard, Yale, Princeton na Stanford zina aina yake yenye masharti: haimfungi mwombaji kujiunga, ila inamzuia kuomba mapema katika vyuo vingine vingi vya binafsi. Wanaoomba kwa wakati wa kawaida hutuma maombi mwanzoni mwa Januari, hujibiwa kufikia mwisho wa Machi au mwanzoni mwa Aprili, na hutakiwa kuamua kufikia tarehe 1 Mei.

Kiwango cha kudahiliwa katika duru inayofunga huwa kikubwa kuliko cha kawaida, japokuwa sehemu ya tofauti hiyo inatokana na wanamichezo walioitwa na makocha na makundi mengine ambayo chuo kilishawalenga. Faida kwa mwombaji wa kawaida ipo, lakini ni ndogo kuliko inavyoonekana. Gharama yake ni kwamba anapoteza nafasi ya kulinganisha barua za msaada za vyuo mbalimbali. Vyuo humruhusu mtu kujitoa katika ahadi hiyo ikiwa msaada aliopewa haumwezeshi kabisa kuhudhuria, ila atakuwa na barua moja tu mkononi na siku chache za kuamua. Mimi ningemruhusu mtoto wangu kujifunga kwa masharti matatu: chuo kiwe kinaahidi kukidhi mahitaji yote, kikokotoo kiwe kimetoa kiasi tunachokimudu, na mtoto awe anakitaka chuo hicho kwa dhati hata asipoambiwa kiwango chake cha udahili. Sharti moja likikosekana, asubiri.

Wenye kipato kidogo walio raia au wakazi wa kudumu wa Marekani, pamoja na wanaosoma sekondari ndani ya nchi hiyo, waangalie pia QuestBridge. Mpango huo huwaunganisha na vyuo shirikishi vinavyotoa ufadhili kamili wa miaka minne, lakini fomu yake hufungwa mwishoni mwa Septemba, mapema kuliko karibu kila kitu kingine, na majibu ya mwisho hutoka mwanzoni mwa Desemba.

Hatua ya sita: kuandaa maombi yenyewe

Kinachotazamwa kwanza ni hati ya matokeo ya miaka yote ya sekondari, na alama husomwa pamoja na ugumu wa masomo. Mwanafunzi aliyechukua hesabu za juu kabisa zinazofundishwa shuleni kwake na kupata alama nzuri huheshimiwa kuliko aliyekwepa masomo magumu ili alama zake zote zing'ae. Shule isiyotoa masomo ya juu haimharibii mwanafunzi wake, kwa sababu mwalimu mshauri hutuma maelezo ya shule yanayoonyesha kilichopo na kisichopo. Ni wajibu wa mwombaji kuhakikisha kwamba maelezo hayo yameandikwa na kutumwa, hasa ikiwa shule haijazoea kupeleka watoto katika vyuo hivi.

Mitihani ya SAT na ACT, ambayo vyuo vya Marekani huitumia kuwapima waombaji, imerudi. Baada ya vyuo vingi kuiweka kando wakati wa janga la korona, MIT iliirudisha mwaka 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown na Harvard zikatangaza kufanya vivyo hivyo, ingawa Yale inakubali aina nyingine za mitihani pia. Vipo vinavyoendelea kuifanya ya hiari, kama Chuo Kikuu cha Chicago, kilichoanza utaratibu huo mwaka 2018. Tovuti ya chuo isomwe kwa ajili ya mwaka anaoomba mtu, kwa sababu taarifa za mwaka juzi tayari zimepitwa na wakati. Mwombaji ambaye hakusoma kwa Kiingereza hutakiwa pia kuleta matokeo ya TOEFL, IELTS au mtihani wa Duolingo.

Orodha ya shughuli hudharauliwa na wengi, nami nadhani ndiyo sehemu inayolipa zaidi ikifanyiwa kazi kwa saa chache. Common Application hutoa nafasi kumi, na maelezo ya kila shughuli hayazidi herufi 150, nafasi tupu zikihesabiwa. Mwombaji anayeandika «Mwanachama hai wa klabu ya sayansi, nilishiriki katika shughuli mbalimbali za maendeleo» ametumia nafasi yake bila kusema kitu. Anayeandika «Nilibuni chujio la maji la mchanga na mkaa, nilifundisha wanafunzi 14 wa madarasa ya chini kulipima kila wiki na kuandika matokeo» amemwonyesha msomaji kazi, watu na utaratibu. Shughuli si lazima iwe na cheo. Kulea wadogo zake kila jioni mama akiwa kazini, kusimamia hesabu za duka la familia, au kumtafsiria bibi hospitalini ni shughuli halali, na zinapaswa kuandikwa kwa usahihi uleule: saa ngapi kwa wiki, wiki ngapi kwa mwaka, kitu gani hasa kilifanyika.

Insha kuu haizidi maneno 650. Msomaji wa ofisi ya udahili anasoma insha nyingi kwa siku moja, na tofauti haitokani na ukubwa wa tukio. Insha kuhusu kurekebisha redio moja hadi ikasikika inaweza kumweleza mtu vizuri kuliko insha kuhusu msiba mkubwa iliyoandikwa kwa kauli ambazo mwombaji mwingine yeyote angeweza kuziandika. Njia ninayoiamini ni kuandika rasimu ya kwanza kwa uhuru, kuiacha kwa wiki, kisha kufuta kila sentensi inayoweza kuhamishiwa kwenye insha ya mtu mwingine bila kubadilisha neno. Katika jibu la swali la kwa nini unataka chuo hiki, taja kozi, maabara, mpango wa masomo au utaratibu wa kufundisha uliousoma kwa kina, wala usikirudishie chuo sifa zake, ya kwanza mpaka ya mwisho. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya Juni 2023, vyuo haviruhusiwi kutumia asili ya kimbari ya mtu kama kigezo cha udahili, lakini mwombaji yuko huru kueleza jinsi asili hiyo ilivyoathiri maisha yake, na vyuo vingi vimeongeza maswali yanayompa nafasi hiyo.

Barua za mapendekezo ziombwe kabla ya likizo ndefu kuisha, kwa walimu waliomfundisha mwanafunzi karibuni na waliomwona akihangaika na jambo gumu. Mwalimu apewe muda wa mwezi mzima na karatasi moja ya kumkumbusha: mradi aliousimamia, swali ambalo mwanafunzi alilibishania, mtihani alioanguka na jinsi alivyojirekebisha. Cheo cha mwandishi hakisaidii. Barua ya mheshimiwa asiyemjua mtoto ina thamani ndogo kuliko ya mwalimu wa kemia aliyemfundisha miaka miwili.

Kuhusu washauri wa kulipwa, wapo wema wanaosaidia kupanga kazi, lakini hakuna hata mmoja anayeweza kuuza nafasi. Machi 2019 waendesha mashtaka wa shirikisho mjini Boston waliwafungulia kesi watu wapatao 50, wakiwamo wazazi matajiri na makocha, kwa rushwa za kuingiza watoto vyuoni. Baadhi yao walifungwa. Anayeahidi nafasi kwa malipo anamwalika mzazi katika jinai au anamwibia, na mara nyingi anafanya yote mawili.

Hatua ya saba: kujaza fomu za msaada kwa wakati uleule

Maombi ya msaada yana tarehe zake, na mara nyingi ni siku chache tu baada ya tarehe ya maombi ya udahili. Waombaji wa ndani hujaza FAFSA, ambayo kwa sheria inapaswa kuwa imefunguliwa kufikia tarehe 1 Oktoba, na katika vyuo vingi vya kundi hili hujaza pia CSS Profile, fomu nyingine ya fedha za familia inayoendeshwa na shirika la College Board. Waombaji wa kimataifa hujaza CSS Profile peke yake au fomu ya chuo chenyewe. CSS Profile hulipiwa, ila familia za ndani zenye kipato cha hadi dola 100,000 husamehewa, na baadhi ya vyuo huwapa waombaji wa kimataifa namba maalumu ya msamaha wakiomba.

Fomu hizi mbili hazitazami mambo yaleyale. FAFSA haihesabu thamani ya nyumba familia inamoishi; CSS Profile huiuliza. FAFSA, kwa wazazi waliotengana, humtaka yule aliyetoa matunzo makubwa zaidi ya fedha. Vyuo vingi vinavyotumia CSS Profile huwataka wazazi wote wawili. Ikiwa mzazi mmoja ametoweka au ni hatari kuwasiliana naye, chuo kina fomu ya kuomba aondolewe, nayo huambatanishwa na barua ya mtu mzima asiye ndugu anayeijua hali hiyo, kama mwalimu, kiongozi wa dini au mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Taarifa za kipato zinazotumika ni za miaka miwili kabla ya mwaka wa kuanza masomo: anayetaka kuanza masomo mwishoni mwa 2027 hutumia kipato cha 2025. Nyaraka ambazo haziko kwa Kiingereza zitafsiriwe, na mzazi asiye na fomu ya kodi alete barua ya mwajiri au maelezo ya biashara yaliyosainiwa.

Mwombaji wa kimataifa asijaribu kuficha hitaji lake kwa matumaini ya kuomba msaada baadaye. Vyuo vingi vina kanuni kwamba mwanafunzi wa kimataifa ambaye hakuomba msaada wakati wa udahili hatapewa katika miaka yote minne. Nimesikia familia zikishauriwa kufanya hivyo na watu waliojiita wataalamu, na ushauri huo ni wa hatari kabisa.

Hatua ya nane: kuisoma barua ya msaada kwa kalamu

Barua za msaada hazina mpangilio mmoja, na nyingine huchanganya ruzuku, mikopo na mshahara wa kazi chini ya kichwa kimoja cha msaada. Tuchukue mfano wa barua mbili. Chuo cha kwanza kinagharimu dola 88,000. Kinatoa ruzuku ya 61,000, mkopo wa 5,500 na kazi ya 3,000, kisha kinaandika kwamba familia italipa 18,500. Chuo cha pili kinagharimu 84,000. Kinatoa ruzuku ya 60,000 na kazi ya 2,500, bila mkopo, na kinaandika kwamba familia italipa 21,500. Macho yanasema cha kwanza ni nafuu kwa dola 3,000.

Sasa ondoa kila kitu kisichokuwa ruzuku. Mkopo utalipwa na familia au na mwanafunzi, na mshahara wa kazi utapatikana tu akifanya kazi, kidogokidogo kila mwezi. Gharama ukitoa ruzuku peke yake ni 27,000 kwa chuo cha kwanza na 24,000 kwa cha pili. Cha pili ndicho nafuu, na kwa miaka minne tofauti inafika dola 12,000 hata kabla ya riba. Kisha ongeza yale ambayo barua haikuyataja: bima ya afya ambayo chuo kinaweza kuilazimisha, nauli ya kwenda na kurudi, mavazi ya baridi, mahali pa kukaa chuo kikifungwa.

Kwa familia za ndani, mkopo wa serikali kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi hauzidi dola 5,500, na kwa shahada nzima hauzidi 31,000. Kiwango hicho kwa kawaida kinalipika. Mkopo wa wazazi uitwao Parent PLUS ni habari nyingine. Kuanzia Julai 2026 sheria mpya inauwekea ukomo wa dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mwanafunzi mmoja, na chuo kikiuweka katika barua kana kwamba ni msaada, mzazi auchukulie kama deni lake mwenyewe, kwa sababu ndivyo ulivyo.

Hatua ya tisa: kuomba hesabu iangaliwe upya

Barua ya kwanza si lazima iwe ya mwisho. Ikiwa mzazi amepoteza kazi, ugonjwa umeleta gharama kubwa, familia inamtunza mzee, au kipato cha mwaka uliotumika hakifanani na cha sasa, andika barua fupi kwa ofisi ya msaada wa kifedha. Taja kilichobadilika, tarehe, kiasi, na ambatanisha ushahidi. Ikiwa chuo kingine cha hadhi inayokaribiana kimetoa ruzuku kubwa zaidi kwa msingi wa mahitaji, ambatanisha barua yake na uombe kwa adabu walinganishe hesabu. Barua iandikwe mapema Aprili, isisubiri tarehe 30. Taja pia kiasi mahususi: «tunaweza kulipa dola 9,000, barua inataka 14,000» humpa afisa jambo la kufanyia kazi, wakati malalamiko ya jumla hayampi chochote.

Ufadhili wa mashirika ya nje uulizwe namna utakavyohesabiwa. Vyuo vingi huutumia kwanza kupunguza kazi au mkopo wa mwanafunzi, lakini unaozidi hapo unaweza kupunguza ruzuku ya chuo, na familia ikabaki ikilipa kilekile.

Hatua ya kumi: kuthibitisha, kusafiri na kuendelea kupata msaada

Nafasi huthibitishwa katika chuo kimoja tu, kwa amana ya dola mia chache ambayo wenye msaada mkubwa wanaweza kusamehewa. Aliye kwenye orodha ya kusubiri athibitishe kwingine kwanza, na aulize kama wanaodahiliwa kutoka orodha hiyo hupewa msaada kwa masharti yaleyale.

Mwanafunzi wa kimataifa hupokea fomu ya I-20, yaani hati ya chuo ya kuombea viza ya mwanafunzi, baada ya kuonyesha kwamba gharama ya mwaka wa kwanza imepatikana, barua ya ruzuku ikiwa sehemu ya ushahidi huo. Hulipa ada ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) ya dola 350 na ada ya viza, kisha huhudhuria mahojiano. Akiwa na viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa muda usiozidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Jambo moja huwashtua karibu wote: ruzuku inayolipia ada na vitabu vinavyotakiwa haitozwi kodi, lakini sehemu inayolipia malazi na chakula hutozwa asilimia 14 kwa asiye mkazi wa kodi, isipokuwa nchi yake ina mkataba wa kodi na Marekani unaosema vingine. Ruzuku ya malazi na chakula ya dola 20,000 huleta kodi ya dola 2,800 kwa mwaka, ambayo mara nyingi huonekana kwenye hesabu ya mwanafunzi muhula unapoanza. Iulizwe mapema, kwa maana baadhi ya vyuo huisaidia.

Msaada huombwa upya kila mwaka, fomu zilezile zikijazwa tena, na kiasi kinaweza kubadilika dada au kaka anapomaliza chuo, mshahara unapopanda au nyumba inapouzwa. Kabla ya kuthibitisha nafasi, uliza ofisi kwa maandishi ni alama gani za chini zinazotakiwa ili tuzo iendelee, ruzuku huongezeka au hubaki palepale ada inapopanda, na tarehe ya mwisho ya fomu za mwaka wa pili ni lini. Tarehe hiyo aiandike mwanafunzi na mzazi pia, kwa sababu inaangukia katika muhula ambao mtoto ameelemewa na masomo na anaweza kuisahau kabisa.